Punda na Mawe ya Kesho

Alikuwepo Punda mbeba mawe ambaye kila akitoka kazini alikwenda moja kwa moja kwenye gunia la pumba, sogi, mifuko yake ya mizigo, zikiwa bado zimejaa mawe mgongoni.

"Nimechoka, tumbo linanibana," alisema. "Njaa hii!"

"Hiyo si njaa, jirani, ni mawe," alisema Bi Mbuzi, ambaye hakupitwa na jambo la mtu. "Yatue kwanza."

"Niyatue? Haya ni ya kesho. Nikitua nipakie tena, si nitachoka mara mbili?"

Akala. Tumbo likavimba, kamba ya sogi ikazidi kumbana, naye akadhani njaa imezidi. Akaongeza. Pumba za wiki nzima zikafika nusu.

Bi Mbuzi akashindwa kuvumilia. Akaitafuna ile kamba mpaka ikakatika, sogi zikaanguka puu! Punda akashusha pumzi ndefu, akalala palepale na pumba mdomoni.

Alipoamka, aliona pembe mbili zimechomoza kutoka ndani ya gunia.

"Bi Mbuzi! Si ulisema si njaa?"

"Yako haikuwa njaa," alijibu Bi Mbuzi huku akitafuna. "Lakini mimi, jirani, kamba yako imenichosha!"