Siku Bi Mamba Alipomkaribisha Kenge

Zamani hizi hizi, wala si zile za mbali, Bi Mamba aliishi katika bwawa la mtu mmoja mfugaji wa mamba. Alikuwa mama mkali. Kenge, mwizi wa mayai, akichungulia tu uzioni, hufukuzwa mpaka vichakani.

"Huna haya, Kenge! Hawa ni wanangu!"

"Unamlindia nani, Bibi?" Kenge huuliza huku akikimbia.

"Mfugaji wetu. Yeye huwalisha vichwa vya kuku mpaka wanenepe, kisha huwapeleka kwenye maji mapana. Wewe ungewala!"

Basi siku moja mfugaji alikuja kumwaga chakula, kiunoni amevaa mkanda mpya wa ngozi. Alipoinama, Bi Mamba aliona kwenye mkanda ule baka jeusi lenye umbo la jani. Alilijua baka lile. Lilikuwa ubavuni mwa kifungua mimba wake.

"Mwanangu!" akaita.

Mkanda haukuitika.

Msimu ule alitaga mayai arobaini, akayafukia mchangani kama desturi. Kisha akasogea kando, akaita, "Kenge! Njoo."

Kenge alikuja akinyata, akidhani ni mtego. "Leo kuna nini, Bibi?"

"Kula."

Kenge alikula mpaka tumbo likamuuma, akasita. "Nikuachie hata moja, likuliwaze?"

Bi Mamba alilifukua la mwisho kwa mkono wake mwenyewe, akalisukuma mbele ya Kenge.

"Maliza," akasema. "Na mwakani usichelewe."