Pamba ya Shavuni

"Jino la nne mwaka huu, dada. Kweli unapiga mswaki?" daktari wa meno aliuliza.

Mwanakheri alikuwa amelichoka swali hilo. "Mara tatu kwa siku. Nilishakwambia, daktari, kinga ya mwili wangu inanishambulia mwenyewe. Imenikausha mate, ndiyo maana meno yanaoza."

"Kila mgonjwa ana sababu yake." Akamtia pamba shavuni inyonye mate, kisha akapokea simu, akaongea na kucheka weee.

Aliporudi, pamba ilikuwa imegandia shavuni. Aliivuta, ikabandua ngozi. Akaiminya kwa vidole viwili. Haikutoa hata tone.

"Haya, iulize hiyo kama inapiga mswaki," Mwanakheri alisema, akipapasa chupa yake ya maji.

Daktari akaiminya tena.