Mkate wa Sinia wa Mzee Faki

Jamani, hamtaamini, lakini haya yametokea! Mzee Faki, dereva wa lori aliyestaafu, aliamua kujifunza kupika kwa video za simu. Mikate yake ya kwanza ilitoka migumu kama tofali, hata mbuzi waliisusa. Akakomaa. Siku ambayo mkewe, Bi Mwanaidi, alipata wageni, mkate wa sinia ukaumuka vizuri na iliki ikanukia nyumba nzima. Mkewe akaupeleka sebuleni.

Mzee akafuata na sinia la pili, la moto, akasimama nyuma ya pazia ili kwanza asikie sifa zake.

"Mashallah, laini kama pamba!" alisema Bi Taabu, mmoja wa wageni. "Kapika nani?"

"Nani tena, shoga? Si ni mimi!" akajibu Bi Mwanaidi. "Yule babu hata chai inamshinda."

Wakaangua kicheko. Sinia likamuunguza Mzee vidole, na badala ya kulia "Yalaa!", hodi ikamtoka.

"Karibuuu!" wakaitikia wageni wote. Mkewe tu ndiye aliyeitambua sauti, akageuka kulitazama pazia.

Mzee akabaki pale, kanga ya mkewe kiunoni, unga wa mchele ndevuni. Ungekuwa wewe, ungefunua pazia?