Majani ya Mgomba

"Legeza mikono, baba, gari litashika njia lenyewe," alisema binti muuza magari aliyeketi kando yake, na Rugemalira, dereva wa malori kwa miaka thelathini ambaye sasa hupeleka watoto wa majirani shule, akatii. Gari la umeme alilokuwa akilijaribu lilikwenda kimya, likiiacha Bukoba nyuma kuelekea Muleba.

Kwenye kona likafunga breki lenyewe.

Mbele yao lilisimama lori bovu la ndizi. Uvunguni zilichomoza nyayo mbili zenye viatu vya yeboyebo, hatua moja tu kutoka kwenye bampa la gari lao.

Rugemalira alishuka amefura. "Kijana, nani alikufundisha kazi? Unatengeneza gari barabarani hujaweka hata majani ya kuonya wenzako?"

"Nimeweka, mzee," sauti ilijibu kutoka uvunguni, bila ugomvi. "Nimemaliza mgomba mzima."

Rugemalira aligeuka nyuma. Majani yalikuwa yametandazwa kwenye lami tangu kabla ya kona, na matairi yalikuwa yameyapasua katikati. Moja lilikuwa limenasa kwenye bampa. Alilichomoa, akalisogeza karibu na uso ndipo akaona kwamba ni bichi, bado linatoka utomvu.

"Uliyaona?" alimuuliza binti.

"Niliyaona, baba. Nilidhani na wewe umeyaona."

Rugemalira alizunguka gari, akaketi upande wa abiria, jani likiwa bado mkononi.

"Endesha wewe," alisema. Kisha akampigia mkewe simu. "Mama, waambie majirani watafute mtu mwingine wa kupeleka watoto shule. Kuanzia kesho."