Sahihi Nne

Kila mtu aliijua sheria: leseni ya kusindikiza mizigo ya mionzi hupewa waliotimiza miaka sitini tu, kwa sababu kansa hukawia na mzee hufa kabla haijamfikia. Familia yake hupewa nyumba.

Perpetua alitimiza sitini Jumapili. Watoto wakamletea keki, na kando ya keki wakaweka fomu.

"Mama, kazi yenyewe nyepesi," alisema Elia, mkubwa wao, akilamba krimu kidoleni. "Lori linajiendesha. Wewe unakaa tu na mzigo."

Perpetua akavaa miwani. Fomu ilitaka mtoto mmoja asaini kwamba familia imeridhia. Mmoja tu. Wote wanne walikuwa wameshasaini, hata Sekela, kitinda mimba, aliyemlilia juzi kwenye simu akiapa kuwakatalia kaka zake. Sahihi yake ilikuwa ya mwezi uliopita.

Harufu ya vanila ilimnukia kama mzoga.

"Tulishe keki, Mama!" wakaimba, wakipiga makofi.

Akakata kipande, akanyanyua mkono. Wakapanua vinywa wote kwa pamoja, kama walivyozoea tangu utotoni, na kwa mara ya kwanza akayaona meno yao.