Sauti Iliyochaguliwa kwa Baba

Siku hizi sheria inataka kila mtu mzima asiyejua kusoma afundishwe na mashine, kwa sauti ya mtu ambaye yeye humsikiliza kuliko wote. Mashine huichagua yenyewe kutoka kwenye mazungumzo yake ya simu ya miaka yote.

Nyamizi alikuwa akisomea shahada ya uzamili ya teknolojia ya ufundishaji, na tasnifu yake iliutetea mpango huo. Kwa jaribio la mwisho alikwenda nyumbani Tabora kumfundisha baba yake, mzee Kasanda, fundi mstaafu wa reli. Mama yake alikaa karibu akichambua mchele, akitabasamu. Alikuwa na uhakika kwamba angesikia sauti yake mwenyewe.

Nyamizi akaiwasha mashine.

"Baba Editha," ilisema sauti laini ya mwanamke, yenye lafudhi ya Kigoma. "Umekula, mume wangu? Haya, tuanze. Sema A."

"A," akaitikia mzee kwa upole, kabla hajajua amefanya nini.

Katika nyumba ile hapakuwa na mtoto aitwaye Editha.

Nyamizi alinyoosha mkono aizime mashine.

"Usizime," mama yake alisema, akiweka ungo chini. "Miaka thelathini na mitano, mimi sijaitikiwa hivyo hata siku moja. Acha nisikie somo lote."

"Vizuri, baba," ilisema sauti. "Sasa sema E."

Mzee Kasanda aliinamisha kichwa asijibu, lakini midomo yake ilikuwa tayari imefunguka.