Kipulizio cha Ubuyu

Tunu alirudi kutoka mkutanoni kifua mbele. Vijana wa kata walikuwa wamepiga kura kwamba mvuke wa tumbaku wenye ladha usipulizwe tena majumbani. Akaking'oa kile kipulizio ambacho kila nyumba hupewa bure na kampuni ya tumbaku, akakitupa uani.

Harufu ya ubuyu ilipoisha, mdogo wake wa miezi minne akaangua kilio, akalikataa ziwa.

"Kirudishe, mwanangu," mama akamsihi. "Bila harufu ile hanyonyi."

"Hata jino hajaota, mama! Wameshamfanya mteja wao! Washenzi wakubwa!"

Akatoka mbio, akaokota jiwe ili akiponde kile kipulizio. Alipokiinua, mate yakamjaa mdomoni. Jiwe likiwa bado mkononi, akajikuta amekisogeza puani.